Mwongozo kamili: kumuaga na kumshukuru mjumbe wa kamati ya shule bila kuiharibu siku yake

Kila ikikaribia mahafali ya darasa la saba napigiwa simu zile zile. Mwalimu mkuu au mzazi mmoja mwenye nia njema anasema "kaka, tuna mama yetu kwenye kamati ya shule anamaliza muda wake, tunataka tumfanyie kitu, tunaanzaje?" Namwelekeza, anaitikia sawa sawa, alafu baada ya wiki mbili natumiwa picha: diwani yuko katikati kashika maiki, mama wa watu yuko pembeni nusu ya mwili imekatwa, kashika bahasha ya kaki na uso wake unaonyesha anajiuliza hii shughuli ilikuwa ya nani.

Nimechoka kuelezea kwa simu, naandika yote hapa mara moja. Mimi nimekaa kwenye kamati ya shule ya msingi ya serikali huku Tanzania kwahiyo naongelea hiyo. Wa bodi za sekondari hatua ni hizi hizi, kumbuka tu kwenu katibu ni mkuu wa shule na kwetu ni mwalimu mkuu, na wananuna kweli ukiwachanganya.

Kosa linalorudiwa ni moja. Watu wanaanza na turubai, mziki na pilau, alafu siku moja kabla ndo mtu anauliza "hivi huyu mama tuseme alifanya nini?" Hapa tunaanzia kwenye hilo swali.

## Andaa hivi kabla hujamwambia mtu yeyote

- Faili la mihtasari ya vikao vya kamati, miaka yote aliyokaa
- Daftari la wageni la shule na vitabu vya mapokezi ya vifaa
- Daftari moja jipya la kuandikia unachokipata (sio karatasi za kuokoteza, zitapotea)
- Jina lake kamili kama anavyoliandika mwenyewe
- Watu watatu wa kukusaidia: mwalimu mmoja, mzazi mmoja, na mtu mmoja anayejua kuandika
- Wiki sita. Nne zinawezekana, mbili usijaribu

Bajeti nayo, ila hiyo ina hatua yake huko mbele maana ndiko watu wanakojitafutia kesi.

## Hatua ya 1: Muulize mwenyewe

Najua mnapenda sapraizi. Achaneni nayo. Kuna watu wanaona aibu kusimamishwa mbele za watu, kuna aliyefiwa juzi na bado yuko kwenye msiba, na kuna ambaye bado anataka kugombea tena, sasa wewe unamuaga mtu ambaye haondoki.

Nenda nyumbani kwake, sio kwa simu. Mwambie "mama, wazazi na walimu tungependa kukushukuru, unaonaje?" Akikwambia "aa mwanangu, mimi sikufanya kitu", hiyo sio hapana, ni adabu tu, rudia mara moja. Akirudia kukataa basi mfanyieni hatua ya 3 peke yake na iishie hapo, nayo ni heshima kubwa.

Angalia na kalenda ya siasa. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2024 na uchaguzi mkuu wa 2025 umeshapita lakini 2029 na 2030 zinakuja, na hafla yoyote yenye zawadi karibu na kampeni itasomwa vingine, hasa kama yeye au mtoto wake anatajwa tajwa kugombea.

Hatua imekaa vizuri kama: amekubali kwa mdomo wake, amekutajia siku ambazo hawezi, na umemwachia aandike jina lake mwenyewe kwenye daftari lako.

## Hatua ya 2: Chimba mafaili

Hapa ndo shughuli yote ilipo. Ukifanya hii vizuri hata mkikosa soda siku itakuwa nzuri.

Kumbukumbu za watu zinadanganya. Wanakumbuka anayeongea sana kikaoni, na yule anayekaa kimya alafu kesho yake asubuhi yuko shuleni anakagua matundu ya vyoo hakumbukwi. Muhtasari haujali nani ana sauti. Kaa na faili, soma kikao kimoja kimoja, na kila ukikutana na jina lake andika vitu vitatu: tarehe, alisema au alifanya nini, na nani mwingine alikuwepo.

Usiishie kwenye mihtasari. Shule ikijenga kwa fosi akaunti (yaani inanunua vifaa na kutafuta mafundi yenyewe bila mkandarasi) huwa kuna kamati ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi, na sahihi zao zipo kwenye karatasi za kupokelea saruji, nondo na mabati. Shule moja walinambia mjumbe wao fulani "alikuwa wa kuhudhuria tu". Tukafungua faili la mapokezi, kumbe ndo aliyegoma kusaini gari lililokuja na mifuko pungufu, akakaa pale getini mpaka jioni mpaka iliyobaki ikaletwa. Mahudhurio tu hayo!

Angalia na daftari la wageni. Mjumbe aliyekuwa anakuja shuleni siku ambazo hakuna kikao utamkuta humo, na siku hizo ndo zinakwambia mtu alikuwa anafanya kazi au alikuwa anasubiri posho ya kikao (kama hata ilikuwepo, maana wengi wanarudi nyumbani na soda moja).

Baada ya hapo tafuta watu. Muulize mpishi wa uji, mlinzi, mwalimu wa darasa la kwanza, na mzazi mmoja ambaye hampendi huyo mjumbe. Ndio, huyo hasa. Hasimu akikubali kwamba "hapana, kwenye lile la chakula alipambana", hiyo haina mjadala tena.

Tahadhari: usimpe sifa ya hela ya serikali. Mfano yale madarasa ya shule shikizi (vituo vidogo vilivyo chini ya shule mama) yaliyojengwa kwa fedha za UVIKO-19, kila mtu anajua hela ilitoka wapi. Ukisema "mama huyu ametujengea madarasa mawili" unamwaibisha, wazee wataguna na afisa elimu kata ataangalia pembeni. Sema alisimamia, alipokea vifaa, alizuia wizi wa nondo, chochote kilichopo kwenye karatasi. Kweli ndogo ina nguvu kuliko sifa kubwa.

Tahadhari ya pili: mihtasari ina ugomvi wa watu, kuna watoto waliopata mimba, kuna mwalimu aliyelalamikiwa. Hayo yabaki kwenye faili hata kama mjumbe ndo aliyeyasuluhisha. Unaweza kusema "alisaidia familia kadhaa watoto wao wakarudi darasani" na ukaishia hapo bila jina wala kijiji.

Umefaulu kama: una mambo matano, kila moja lina tarehe au angalau mwaka, na kila moja lina shahidi aliye hai. Matano yanatosha kabisa. Ukipata ishirini chagua matano.

## Hatua ya 3: Pitisha azimio kwenye kikao

Hii karibu kila mtu anairuka na mimi sielewi kwanini, maana ni bure na ndo inayodumu. Kanga itachakaa, ngao itapata kutu, ila muhtasari wa kikao unakaa kwenye faili mpaka wajukuu wake wasome shule hiyo hiyo.

Weka ajenda ya "shukrani kwa mjumbe anayemaliza muda" kwenye kikao halali chenye akidi. Muombe atoke nje ajenda ikifika ili watu waongee wakiwa huru. Maneno yawe mafupi, kitu kama hiki:

*"Kamati imeazimia kumshukuru Ndugu ________ kwa utumishi wake kwenye Kamati ya Shule tangu mwaka ____ hadi ____, hasa kwa (a) ________, (b) ________, na (c) ________. Kamati inaagiza azimio hili lisomwe mbele ya wazazi na nakala ihifadhiwe kwenye faili la mihtasari ya shule."*

Kwenye a, b na c unaweka yale ya hatua ya 2. Mwenyekiti na katibu wanasaini, muhuri wa shule unapigwa.

Kikao hicho hicho malizeni na makabidhiano. Kama alikuwa mtia saini wa akaunti ya shule anzeni mchakato wa kumbadilisha benki, kama ana funguo za stoo au daftari la michango ya chakula alete viandikwe. Inaonekana ni jambo kavu lakini kumlinda mtu ni sehemu ya kumheshimu, maana nimeona mzee aliyeagwa kwa vigelegele akaitwa ofisini miezi minne baadae kuulizia hundi ambayo hata hakuiona.

## Hatua ya 4: Hela, na usiiguse ya shule

Naandika kwa herufi za kawaida ila fikiria napiga kelele: ruzuku ya uendeshaji sio ya sherehe. Ile kapitesheni, ambayo kiwango chake kimekuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka na 25,000 kwa sekondari, ina matumizi yake, chaki, mitihani, ukarabati mdogo na kadhalika. Ukinunua ngao kwa hela hiyo mkaguzi akija ni hoja, na hoja hiyo itakuwa na jina la mjumbe uliyetaka kumheshimu.

Usipitishe mchango kwa watoto pia. Tangu elimu bila ada ianze 2016 hili ni eneo la moto, na Januari 2018 Rais Magufuli aliwapiga marufuku walimu kushika michango ya wanafunzi, anayetaka kuchangia akaambiwa apeleke kwa mkurugenzi. Mtoto akirudi nyumbani kusema "mwalimu kasema tulete elfu moja ya kumuaga mama wa kamati" umeshaharibu, hata kama nia yako ni ya malaika.

Kinachofanya kazi ni hiki. Watu wazima wanaotaka wanachanga wao kwa wao kama wanavyochangia harusi au msiba, nje ya shule, mzazi mmoja anaeaminika ndo anashika hela na sio mwalimu, kila jina na kiasi kinawekwa kwenye grupu la WhatsApp la wazazi au kinabandikwa, na asiyetoa haulizwi. Weka kikomo cha juu ili mwenye duka asiinunue shughuli. Mwambie mwalimu mkuu amjulishe afisa elimu kata mapema asije akasikia mtaani.

Bajeti yenyewe iwe ndogo. Cheti na fremu, zawadi moja, maji na soda za wazee, basi. Mkiona mmefika kwenye kukodi MC na ng'ombe, rudini nyuma, mmeshahama kwenye shukrani mko kwenye harusi.

Mambo yako sawa kama: mtu yeyote akiuliza "hela imetoka wapi?" unamuonyesha ukurasa mmoja na anaridhika hapo hapo.

## Hatua ya 5: Andika risala ya mtu huyu mmoja

Fanya jaribio hili. Chukua risala uliyoandika, futa jina, weka jina la mjumbe mwingine. Kama bado inasomeka vizuri, chana. Mfano wa risala ya kuchana:

*"Ndugu mgeni rasmi, mama huyu amekuwa nguzo imara, mchapakazi asiyechoka, taa ya jamii yetu, na mfano wa kuigwa na wote..."*

Hiyo imesomwa kwenye kila mahafali tangu nikiwa na kaptula. Sasa angalia hii, ni mfano tu, nyie mtaweka yenu:

*"Mama, upepo ulipoezua darasa la pili ulifika saa kumi na mbili asubuhi, umejitanda kanga, ukawakalisha watoto chini ya mwembe kabla mwalimu yeyote hajafika. Kwenye kikao cha wiki ile uliuliza neno moja: mabati lini? Ukauliza tena kikao kilichofuata, na kilichofuata. Mabati yakaja. Watoto waliokaa chini ya mwembe siku ile leo wako darasa la saba, naomba wasimame."*

Umeona? Hakuna sifa hata moja humo ndani na bado watu watalia. Watoto wakisimama wenyewe ndo ushahidi, na huwezi kulipata hilo bila faili la hatua ya 2, ndo maana nilikusumbua.

Sheria zangu za risala: ukurasa mmoja, dakika nne ukiisoma polepole, iongee NA yeye sio kumuongelea kwa mgeni rasmi. Mambo matatu kati ya yale matano, mengine mawili waachie wazazi wasimulie. Kosa moja alilokubali kikaoni linaweza kuingia kama ni la kuchekesha na yeye mwenyewe ameridhia. Orodha ya changamoto za shule isiingie humo, najua mnataka mgeni rasmi asikie kuhusu matundu ya vyoo, tafuteni siku nyingine, leo sio ya vyoo.

Asome mtoto. Mpe wiki nzima ya mazoezi, asome mbele ya darasa kwanza, na chapisha kwa herufi kubwa maana siku hiyo mikono itatetemeka.

## Hatua ya 6: Cheti na zawadi

Jina, jina, jina. Tuliwahi kumkabidhi mama mmoja cheti kizuri cha fremu ya dhahabu kimeandikwa jina la mume waliyeachana miaka mingi, kisa mtu wa steshenari alipewa jina kwa mdomo. Alikipokea akatabasamu, hakukining'iniza mpaka leo. Ndo maana kwenye hatua ya 1 nilisema aandike mwenyewe, upige picha, umtumie mtu wa steshenari, na kabla haijachapishwa watu wawili wasome herufi kwa herufi.

Kwenye cheti usiandike "kwa mchango wake mkubwa katika elimu". Andika miaka aliyotumika na jambo moja. Saini ya mwenyekiti, ya mwalimu mkuu, muhuri, tarehe, imetosha.

Zawadi iwe kitu atakachokitumia au kukivaa. Doti ya kanga ni nzuri ila SOMA JINA LA KANGA KWANZA, nakuomba, kuna kanga za mafumbo ya wake wenza na kuna za kutukana majirani, utamkabidhi mbele ya kata nzima alafu kinamama wa mbele waanze kuzibana midomo. Mzee anaweza kupewa kikoi au redio ndogo ya sola. Bahasha ya hela mimi siipendi, inamfanya mtu aonekane amelipwa kwa kitu alichokifanya kwa kujitolea, lakini kama hali yake ni ngumu na mmekubaliana, apelekewe nyumbani kimya kimya.

Mti ni wazo zuri na bei rahisi, mwembe au mwarobaini, upandwe sehemu ambayo hakuna jengo litakalokuja, na darasa moja likabidhiwe kuumwagilia kwa majina. Kuliita darasa kwa jina lake ni habari nyingine, lile jengo ni la serikali, andikeni barua kupitia afisa elimu kata iende halmashauri na msipake rangi ukutani kabla ya majibu.

## Hatua ya 7: Siku gani, na mgeni rasmi nani

Ushauri wangu msimfanyie kwenye mahafali. Siku ile ni ya watoto wa darasa la saba na wazazi wao wako bize na mashada na picha. Chagueni mkutano wa wazazi, hao ndo waliomchagua, na uwekeni saa nne asubuhi siku ya shule ili watoto wawepo. Kama lazima iwe sikukuu, tarehe 16 Juni, Siku ya Mtoto wa Afrika, inakubali.

Mgeni rasmi sio lazima. Mkimtaka, afisa elimu kata anatosha, au mwanafunzi wa zamani wa hapo hapo. Mkimwalika mwanasiasa barua iseme wazi anapewa dakika tano na anaongea kuhusu nini. Ataongea ishirini, ndio, lakini angalau mna karatasi ya MC kumuonyesha.

## Hatua ya 8: Siku yenyewe

Mtumieni usafiri yeye na familia yake. Kiti chake kiwe katikati ya meza kuu, sio mwisho wa benchi. Ratiba iwe hivi, dakika arobaini:

1. Wimbo wa taifa na wimbo wa shule
2. Mwenyekiti anasoma azimio la kamati
3. Mtoto anasoma risala
4. Wazazi wawili wanasimulia, dakika mbili mbili
5. Cheti na zawadi, anakabidhi mtoto pamoja na mwenyekiti
6. Neno lake mwenyewe
7. Mgeni rasmi, kama yupo
8. Kupanda mti na picha

Angalia namba 6 na 7. Yeye anaongea KABLA ya mgeni rasmi na hapo msirudi nyuma hata mtendaji akikunja uso. Mkimweka mwisho, muda utakuwa umeisha, jua limekuwa kali, watoto wamechoka, ataambiwa "mama tunaomba kwa kifupi sana". MC akisema itifaki imezingatiwa aseme mara moja tu, kila mzungumzaji asianze upya kuanzia mheshimiwa mpaka balozi wa nyumba kumi.

Mpiga picha aambiwe mapema: picha namba moja ni yeye na watoto, namba mbili yeye na familia, viongozi baadae. Za watoto zisirushwe mitandaoni hovyo.

Utajua imeenda vizuri ukiona watoto wanamfuata mpaka kwenye mti, na ukisikia wazazi wanabishana wakirudi, "sio mwaka ule, ni mwaka wa njaa, mi nilikuwepo".

## Hatua ya 9: Ndani ya wiki moja

Nakala ya risala na ya azimio viingie kwenye faili la shule, na nakala nyingine apewe mtoto wake mkubwa. Hesabu ya michango ibandikwe, na kama kuna chenji waulizwe waliochanga. Mjumbe mpya apelekwe kwake akanywe chai amuulize maswali, maana kuna mambo ya ile shule hayapo kwenye faili lolote.

Na picha chapisheni, msiishie kwenye grupu. Mpelekeeni moja nyumbani kabla ya Jumapili, ikiwa na fremu na msumari wake, maana simu yake ni ya batani.